Kwa Mama Biah, jina lako liache hotelini

Saa mbili asubuhi, nyuma ya msikiti wa kijiji cha Tekek, Salbiah Deraman amepiga magoti mbele ya daktari mstaafu wa meno kutoka Ipoh, anamchomekea suruali ndani ya soksi zilizolowekwa maji ya tumbaku.

"Ruba wa huku hawabishi hodi," anamwambia. "Wakikuta uwazi wanaingia tu."

Wageni wa leo ni sita, na kila mmoja amebandikwa kitambulisho chenye jina lake kifuani. Wa saba ni Rushdan Mat Zin, meneja mpya wa hoteli inayomlipa Salbiah, kijana wa miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Juara, upande wa pili wa mlima, akalelewa na bibi yake, kisha akaenda bara kusoma na kurudi na tai. Mkononi ana fomu yenye visanduku kumi na viwili. Hakuja kutalii, amekuja kumpima mama huyu.

Salbiah ana miaka hamsini na mmoja, na kisiwa kizima cha Tioman kinamwita Mama Biah. Kwa miaka tisa amekuwa akiwavusha watalii kwa miguu kutoka Tekek hadi Juara, kilomita saba za msitu, mawe na matope. Ana desturi moja asiyoiacha: kabla ya kuingia, kila mtu huacha jina lake na kupewa la tunda.

Msituni jina la mtu haliitwi. Ukiliita, hujui nani mwingine amelisikia. Na anayeitwa haitiki, kwa kuwa hajui ni nani anayemwita. Watoto wa Tioman hulijua hilo kabla ya kujua kusoma.

"Tumepata malalamiko, Mama Biah," anasema Rushdan. "Yule mgeni mwanasheria hakupenda kuitwa Fenesi siku nzima."

"Si alikuwa na tumbo?"

"Mama Biah!"

"Haya, nimenyamaza."

Agizo la makao makuu ni kwamba mgeni aitwe kwa jina lake. Hicho ni kisanduku cha nne. Mkataba wa Mama Biah unaisha mwisho wa mwezi, na akianguka kwenye mtihani wa leo, njia hii atapewa mtu mwingine kutoka bara.

"Na mimi ungeniita nani?" Rushdan anauliza, nusu kwa utani.

"Wewe? Doriani."

"Kwa nini Doriani?"

"Si wewe uliyebandika tangazo kila mlango kwamba doriani haliruhusiwi vyumbani kwa sababu linanuka? Basi leo nawe utalala nje."

Wageni wanaangua kicheko. Rushdan naye anacheka, kisha anakohoa na kuinua fomu yake. "Leo ni majina, tafadhali."

Mama Biah anatazama mlima, kisha ile fomu. "Sawa, Bwana Rushdan."

Anajua anachoweza kupoteza. Kabla ya kazi hii alifua shuka miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha chini cha hoteli hiyohiyo, kwa ringiti elfu moja na mia moja kwa mwezi. "Mle ndani hujui kama nje kuna jua au mvua," anasema. "Shuka zikichelewa kukauka, ndipo unajua mvua ilinyesha." Leo safari moja humpa ringiti mia mbili, lakini hela siyo anayoitaja kwanza. Anamtaja baba yake, mkata henzirani za kusukia viti. "Alikuwa ananitanguliza msituni makusudi nipotee, halafu anacheka. Nikajifunza kwa hasira."

Hadi kileleni hakuna aliyepotea. Anawaita wageni kwa majina yao kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea msibani, na anawaonyesha kenge, mizizi mipana kama mbao za kitanda, na majani ya kutoguswa. Kileleni simu zinashika mtandao. Rushdan anabaki nyuma kupiga simu. "Tangulieni, nakuja."

Hakuja. Dakika kumi zilipita, mvua ikashuka, na ukungu ukafunika njia. Mama Biah akawaketisha wageni kwenye mizizi ya mti mkubwa. "Asiinuke mtu hapa, hata kwa haja ndogo," akawaambia, akarudi kileleni peke yake.

Nyayo zilikuwa zimeoshwa. Pembeni palikuwa na njia ya nguruwe, inayofanana kabisa na njia ya watu, nayo huteremka hadi kwenye korongo. Hapo ndipo jina lilipomponyoka.

"Rushdan!" aliita. Kisha tena, kwa nguvu zaidi: "Rushdan Mat Zin!"

Kimya, mvua tupu.

"Nikasema ameshakufa huyu, na mimi ndiye niliyemuua," anasimulia. "Nilimwona bibi yake ananiuliza, mjukuu wangu umemweka wapi?"

Alizunguka ukingo wa korongo dakika nyingi, asione kitu. Alikuwa ameshaamua kukimbilia Juara kuomba watu, mwendo wa saa nzima, wakati wazo la yule bibi lilipomsimamisha. Bibi mwenyewe si wa Juara? Na aliyelelewa na bibi wa Juara, unamwita kwa jina msituni, tena mara mbili, aitike?

"Nikajipiga kofi la paji. Wazungu wangekuwa wameshaitika kitambo. Mtoto wetu, huyo ndiye asingeitika hata kwa dawa."

Akakusanya pumzi yake yote. "Doriani! Doriani we, uko wapi?"

"Huku chini, Mama! Mguu wangu!"

Alikuwa hatua arobaini tu kutoka pale, ameegemea mti, kifundo cha mguu kimevimba kama andazi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Sauti ilikuwa yake kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha," anasema Rushdan, akicheka kwa aibu. "Nina shahada mbili. Lakini niliposikia jina langu mle ndani, mdomo ulijifunga wenyewe."

Mama Biah hamwachii lawama peke yake. "Fomu haina kinywa. Jina nililitoa mimi, na kwetu mtu mzima hafanyi hivyo."

Walipowafikia wageni, daktari wa meno alimfunga mguu kwa skafu, akisema miguu siyo fani yake lakini hajawahi kupata mgonjwa mtulivu vile. Wakateremka polepole, meneja ameegemea bega la mfua shuka wa zamani wa hoteli yake.

Juara, chini ya paa la duka, huku wakila wali wa nazi na dagaa wa pilipili wakisubiri pikapu, Rushdan alitoa fomu iliyolowa akaijaza mbele ya watu wote. Kisanduku cha nne kiliuliza kama kiongozi humwita mgeni kwa jina lake. Aliweka alama kwenye "Ndiyo," na kwenye nafasi ya maoni akaandika: "Ilitugharimu dakika arobaini. Asirudie."

Wiki hiyohiyo mkataba wa miaka miwili ulisainiwa. Mama Biah aliukubali kwa sharti lake: wageni wasizidi wanane, na wakiongezeka, waongezwe viongozi, tena achague yeye. Ameshawachagua. Ni Norlaila na Che Som, wanawake aliofua nao, na bado wako kwenye chumba kile cha chini.

"Sijawaambia. Wataogopa, nami niliogopa," anasema, akikung'uta matope kwenye viatu vyake vyeusi vya mpira. "Siku niliyoacha kufua niliapa mlango ule siuingii tena. Jumatatu nauingia. Na nikitoka, sitoki peke yangu."