Mwanga Uliompata Shija Hewani

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ukumbi wa chuo kimoja cha ufundi hapa Geita ulikuwa na giza kama ghala la pamba. Nakusimulia kwa sababu umeniambia kesho unakwenda kupiga picha za mashindano ya vyuo, mpira wa kikapu, ndani. Kaa kwanza. Kamera yako haitakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kazi hii alinifundisha Mzee Masunga, aliyekuwa na studio pale Kalangalala, mtu wa maneno machache, Mungu amrehemu. Nilikwisha kujua harusi, ubatizo na picha za vitambulisho, nikajiona nimefika. Chuo kilipoomba mpiga picha wa fainali, vijana wao dhidi ya timu iliyotoka Shinyanga, mzee alinikabidhi kamera mpya ya studio, kisha akaniambia:

"Nkwimba, mle ndani mwanga ni hafifu, na wale watu hawasimami. Utapata picha chache. Ridhika nazo. Lakini mchezaji akiwa hewani, usimwashie flashi usoni. Akishuka hataona chini."

"Nimesikia, mzee," nikasema.

Kusikia ni kazi ya masikio tu, mwanangu. Kushika ni kazi nyingine.

Nilikaa chini ya kikapu, pale wanapokuja kurukia. Nyuma yangu kulikuwa na jukwaa la saruji lenye kidato kimoja. Kijana mmoja mrefu akanijia kabla mchezo haujaanza. Ndiye Shija, mwana wa mjane mmoja wa Songwa, anasomea ufundi wa mitambo. Chuo kizima kilikuwa kinamtegemea yeye. Alinisalimia kwa adabu, akasema, "Dada, hapo utagongwa. Sogea kidogo upande huu." Nikasogea. Yeye ndiye aliyeuwazia usalama wangu.

Mchezo ukaanza. Kila nilichopiga kilitoka cheusi, au watu wamevutika kama moshi. Ningeweza kungoja mtu asimame kurusha adhabu, ningeweza kuhamia mlangoni kwenye mwanga kidogo wa mvua. Hayo yote nilifundishwa. Lakini wakati wa mapumziko wanafunzi walinizunguka kutazama, na binti mmoja akauliza, "Dada, hawa ni wachezaji au mashetani?" Wakacheka. Kicheko kile kiliniingia kifuani. Mtu mwenye kiburi, mwanangu, huumizwa na kitu kidogo, na akiumizwa hutafuta njia ya mkato.

Kipindi cha mwisho nikafungua mkoba, nikapachika flashi.

Shija alipata mpira katikati ya uwanja, akapita wawili, akaruka. Alikuja moja kwa moja upande wangu. Nikabonyeza. Ukumbi ukawa mweupe, kisha ukarudi gizani, na nikasikia mlio wa mfupa kwenye kile kidato. Sitaueleza. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu yangu, natoka nje.

Mguu ulivunjika chini ya goti, mfupa ukachomoza. Walimbeba juu ya meza. Waliobaki walisema sakafu ilikuwa na jasho, kateleza; ule weupe waliudhani ni umeme wa radi. Mwalimu wa timu akaniuliza mimi niliyekuwa karibu kuliko wote: "Umeonaje?"

"Aliteleza," nikasema.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye nisiyesikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Jumatatu Mzee Masunga alifungua picha kwenye kompyuta. Ile moja ilikuwa kali kuliko zote: mpira kwenye ncha za vidole, miguu yote miwili juu, misuli inaonekana. Nilingoja anisifu. Akaikaribia, akaitazama sana.

"Huyu kijana hatazami kikapu," akasema. "Amefumba macho, kageuza uso. Anakukimbia wewe."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta lenzi.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi nenda kaseme. Leo. Kesho litakuwa zito, na keshokutwa hutaliweza."

Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda akipona. Hakupona. Kidonda kiliingia uchafu, madaktari wakahangaika nacho wiki kadhaa, mwisho mguu ukakatwa. Chuo akaacha, akarudi kwa mama yake. Mzee Masunga hakuniuliza tena. Alinifundisha kazi kama kawaida mpaka alipofariki, lakini hakuwahi tena kunipa kamera kwa mkono wake. Aliiweka mezani, nikaiokota mwenyewe.

Ikapita miaka saba. Nikawa na studio yangu kule Nyahanga, Kahama. Siku moja mchana akaingia mama mmoja, kanga imefifia, miguu ina vumbi la safari. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akasema ametoka Songwa, ameelekezwa kwangu kutoka chuoni. "Nasikia ni wewe uliyepiga picha siku ile mtoto wangu Shija alipoteleza. Naomba moja tu. Nataka kumwona akiwa na miguu miwili."

Nilimchapia ile moja niliyokuwa nimeihifadhi, kubwa, nikaitia fremu, nikakataa hela yake. Akanishika mikono yote miwili. "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, "Mungu akulipe sawasawa na ulivyonitendea."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na walevi wa machimboni, nimewahi kulaaniwa na mume wangu wa kwanza. Hakuna neno lililonitisha kama shukrani ya mama yule.

Juma lile lile nikapanda gari kwenda Songwa. Nilimkuta Shija kivulini mwa nyumba, anatengeneza redio ya mtu, magongo yako ubavuni. Mama yake alikuwa anapepeta mtama. Nikakaa chini, nikasema yote, bila kujitetea. Shija akaweka bisibisi chini.

"Nilijua ni mwanga," akasema. "Nilipozinduka niliwaambia. Wakasema ni maumivu yananisemesha, kwamba aliyekuwa pale kaona nimeteleza. Miaka saba, dada. Hata mama huwaonya wadogo zangu: msiwe wazembe kama kaka yenu. Nikafika mahali nikaamini, nikajichukia mwenyewe."

"Nisamehe," nikasema.

Akaiokota bisibisi, akaigeuza vidoleni. "Mguu ningekusamehe siku ile ile. Hii miaka saba, sijui."

Mama yake aliacha ungo, akaingia ndani. Akatoka na ile picha, akanipakatisha, uso wa picha ukiangalia chini. Hakunilaani. Akamwendea mwanawe, akapiga magoti mbele yake, akamwambia, "Mwanangu, nilikuonea." Nikainuka nikaondoka, kwa maana pale hapakuwa na nafasi yangu. Sijaitwa tena Songwa, wala sijasikia kama nimesamehewa.

Basi sikiliza, uliye kijana bado. Picha iliyokosa mwanga itatupwa na watu wataisahau. Usimwashie mtu mwanga usoni akiwa hewani, hata wakucheke ukumbi mzima. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, ungali unatetemeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi yangu, akayaugua mtu mwingine. Kosa langu lilikuwa la kufumba na kufumbua. Uongo wangu ulikuwa neno moja, na huo ndio ulioishi miaka saba.

Nenda kesho. Mungu akupe jicho la subira na ulimi usiochelewa. Wale utakaowapiga picha wakiruka, washuke salama wote, na wewe urudi kwako ukiwa na moyo unaolala.