Mtaalamu wa Kompyuta Mwenye Ng'ombe Lalago

Mtaalamu wa kompyuta wa chama cha wakulima wa pamba, pale Bariadi, hagusi mashine kabla hajakunja mikono ya shati, akapuliza vumbi hata pasipo na vumbi, na kusema kwa sauti ya daktari, "Tuipe muda." Leo mashine imekula muda asubuhi nzima. Diski ya zamani imekufa, mpya imeshafungwa, na karani Domitila anataka majina ya wakulima yarudi, maana wenyewe wako nje wanangoja mbegu na mvua ya kupandia imeshanukia. "Usiwe na wasi, dada. Nakala ipo, niliiweka mwenyewe." Lakini mashine inasema haioni nakala yoyote. Anachomoa waya, anaurudisha, anazima, anawasha. Analaumu umeme, kisha joto. Mashine ikisuasua, yeye huhamia kwenye habari za ng'ombe wake, kidole juu: wengine wako Lalago kwa mjomba, wengine Mwanhuzi kwa shemeji. "Mali haikai zizi moja, dada. Ugonjwa ukiingia, unalala tajiri, unaamka maskini."

Domitila anaitikia, hata baba yake alifuga hivyo. "Sasa kaka, hiyo nakala uliiweka wapi?"

Vidole vya mtaalamu vinapapasa meza, vinaipita diski mpya, vinatua taratibu juu ya ile iliyokufa.

"Humu humu," anasema. "Niliiweka pamoja na majina yenyewe, isije ikapotea."