Ng'ombe wa Rafiki Yangu Amenyimwa Dawa Makusudi

Bwana mwenye ukurasa, jina langu ulizike kabisa, maana kuanzia Uvira mpaka Albertville hakuna bandari ambako sijulikani. Nina miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Baraka. Shule ilinishinda darasa la nne. Mengine nilisomea jikoni, ndani ya meli, nikiwapikia Wabelgiji na Wagiriki mpaka wakasahau mama zao. Mimi nikiingia mahali, watu wanashika mbavu kabla sijafungua mdomo.

Leo nachekesha ng'ombe. Naishi peke yangu milimani juu ya Fizi, nalinda ua wa munganga wa kizungu, daktari wa mifugo, anayetafuta dawa ya ugonjwa wa kupe. Hakuna anayeruhusiwa kuingia, wala anayetaka. Mke wangu alikataa kupanda: "Baba Esta, mi siende kulala na magonjwa ya bagombe." Basi jioni nawasimulia hao ng'ombe mambo ya Usumbura, nao wanatafuna tu.

Ng'ombe wenyewe ni wa wachungaji wa huku juu. Munganga aliwaomba mbele yangu, akisema atawafanyia dawa. Rafiki yangu, nimwite Rukema, akamtoa Bihogo, yule jike mwekundu ambaye maziwa yake yalimlea mtoto wangu mama yake alipokauka ziwa kwa homa. Rukema alikuwa akishuka na kibuyu kwa miguu mpaka kwetu, na ukimshukuru anaona haya.

Kumbe munganga ana utaratibu wake. Ng'ombe wote aliwavalisha masikioni vifuko vya kitambaa vyenye kupe wa ugonjwa, ili waugue. Kisha nusu akawachoma dawa, nusu akawaacha hivihivi, apate kuona tofauti. Bihogo yumo katika walioachwa. Amevimba chini ya masikio, macho yanatiririka, pumzi inakoroma. Nilipomwambia munganga, akafurahi! Akasema bila hao hatajua kama dawa ni dawa, na ng'ombe wa milima yote wataendelea kufa. Siwezi kusema anadanganya. Waliochomwa wanakula kama wako arusini. Lakini wenye ng'ombe hawakuambiwa kwamba kuna wa kuachwa. Akapanda gari, akaniachia ufunguo wa kabati ya dawa na neno moja: "Usiguse."

Siku za soko Rukema husimama ng'ambo ya kijito, maana hapo ndipo mwisho wa ruhusa yake.

"Ndugu! Bihogo iko namna gani?"

"Anakula kupita shefu wa kijiji yenu!"

"Mi nasikia anakohoa."

"Nimemufundisha tumbaku!"

Safari hii hakucheka. "We iko ndugu yangu, usinifiche. Dawa balimupatia?"

Nikasema munganga anamwangalia. Akasema: "Kwetu ng'ombe haugue peke yake. Kama hapone, uniite, nikuje nikae naye." Bihogo alipoisikia ile sauti, akajaribu kusimama. Magoti yakakataa.

Nikashuka bureau ya serikali, Fizi. Karani akaniambia mambo ya munganga ni ya munganga. Nikamuuliza, "Na munganga, nani anamuuliza?" Karani akacheka mpaka akaita wenzake: "Mukuje musikie huyu!" Wakashika mbavu wote. Maisha yangu yote nimetafuta kicheko cha namna ile, na siku ile nilitamani kulia. Nilikuwa nauliza kweli.

Ndugu wasomaji, gazeti hili linatufikia kwa meli, halafu kwa gari la posta. Bihogo hana pumzi za kungoja barua zenu, na huenda nitakuwa nimeamua peke yangu. Bado niandikieni, maana uani wamo wengine walioachwa, na munganga anataka kuomba kundi jingine, mimi nikiwa mdomo wake kwa wachungaji. Nifungue kabati, niharibu kazi inayoweza kuponya ng'ombe wa wengi, nifungwe? Au nimwite Rukema avuke kijito aje aone alichofanyiwa? Nipeni shauri, hata la matusi. Huku juu hakuna anayenijibu.