Kuku Watatu Kutoka Kabambare

Siku niliyoondoka Kabambare kwenda kwa mume, mama yangu alinipa kuku watatu ndani ya tenga la makuti ya michikichi. Wawili walikuwa mitetea: mmoja wa rangi ya kahawia, mwingine kishingo, wa wale ambao shingo yao haina unyoya hata mmoja. Wa tatu alikuwa jogoo kijana, hata kuwika alikuwa hajajua.

Nilitegemea mama angenipa chungu au mkeka, kama wenzangu walivyopewa. Aliona uso wangu akanivuta nyuma ya nyumba.

"Mutoto yangu," akasema, "kule Kasongo nyumba ni kubwa na watu ni wengi. Ufunguo ya ghala iko na mama ya bwana yako, na ni haki yake. Lakini wewe uwe na kitu yako yenye kukuita asubuhi."

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Alikuja kwetu kutengeneza milango ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akakaa miezi minne, na katika miezi hiyo akanikuta kisimani mara nyingi kuliko kiu inavyomruhusu mtu. Tulifuatana na watu waliokuwa wakirudi Kasongo na mizigo yao. Nilitaka kujitwika tenga mwenyewe, lakini yeye akalichukua, akaliweka kichwani juu ya kata ya majani, akatangulia. Wenzake wakacheka njia nzima.

"Fundi, umeoa mwanamke au umeoa kuku?"

"Nimeoa nyumba nzima," akawajibu, na hakugeuka nyuma.

Mto Lwama tuliukuta umejaa. Tulivuka kwa mtumbwi, tumebanana, kila mtu ameshika pumzi, na katikati ya maji yule jogoo akachomoza kichwa kwenye tundu la tenga akawika kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sauti ilimkatikia njiani kama mlango mbovu. Watu wote mtumbwini wakaangua kicheko, hata mpiga kasia, na hofu ikatutoka. Kuanzia hapo hakuna aliyemcheka mume wangu tena. Kila tulipopumzika, mtu mmoja au mwingine alikuja kuwamwagia kuku wangu punje za mpunga.

Mama mkwe alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kaniki mbili, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko mashariki, kimenyooka. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniinua kwa mkono. Kisha akachungulia tengani.

"Hawa ni wa karamu?"

"Hapana mama. Ni wa kufuga."

"Mimi kuku simjui ila akiwa chunguni," akasema, akaingia ndani.

Hakuwa mkali. Alinifundisha kupika wali usioshikana, alinifundisha kutawadha na kusali, alinikanda miguu nilipougua homa. Lakini kuku hakuwatazama. Wakimkaribia, alifunga kaniki yake vizuri na kupita kando, kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Mume wangu aliwajengea banda kwa mabaki ya mbao za milango, juu ya nguzo nne, kicheche asifike. Basi nikawa na kazi yangu. Alfajiri, baada ya sala, nilifungua kile kimlango, na wao wakashuka mmoja mmoja, kila mmoja akinung'unika kama amelala vibaya. Nilikuwa sijui ua utakuwaje bila wao. Nilipotwanga mpunga walikuja kusimama kunizunguka, wakingoja chenga ziruke kutoka kinuni. Mchana walijichimbia mashimo kwenye vumbi chini ya mgomba, wakajilaza ubavu, wakajimwagia udongo mpaka machoni, na kishingo alifumba jicho moja kwa raha kiasi kwamba nami nilisikia usingizi. Kulikuwa na ile furaha ya kuingiza mkono kiotani na kukuta yai lingali moto. Nimelea watoto sita tangu hapo, na sijaona kitu kinachotulia kiganjani kama yai la moto.

Nyama yao sikuila, wala mayai. Kwetu kwa Wabangubangu mwanamke hakula kuku, na yai ndiyo kabisa. Waliniambia tangu utotoni kwamba mwanamke anayekula yai hatazaa. Mayai nilimpikia mume wangu kwa mawese, mengine niliyaacha yaatamiwe, na katika mwaka mmoja ua ulikuwa na kuku kumi na tisa.

Ndipo yule wa kahawia akapotea.

Nilimpenda kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinifuata mpaka kisimani. Jioni moja niliwahesabu wakipanda bandani, hakuwemo. Nilizunguka nyumba za jirani, nikaingia mashamba ya mihogo, nikaita mpaka sauti ikanikauka. Mume wangu akasema, "Ni mwewe huyo, au kicheche. Mwachie Mungu." Kesho yake nikaenda jalalani kutafuta mifupa, sikuona. Lakini siku ya tatu, nikifagia, niliokota manyoya laini ya kifuani, ya kahawia, mbele ya chumba cha mama mkwe.

Moyo wangu ukageuka. Nikakumbuka neno lake la siku ya kwanza, kwamba kuku anamjua akiwa chunguni tu. Nilikaa nalo siku nyingi. Nilimpelekea chakula nikamwekea chini bila kusema karibu. Nilijibu alichoniuliza, basi. Mwishowe, siku moja tukichambua mchele, likanitoka.

"Mama, ile kuku yangu uliifanya nini?"

Aliuweka ungo chini. Nilimwona akitaka kusema jambo, kisha akalimeza.

"Mimi ni mwizi wa kuku nyumbani kwangu?" akauliza, polepole.

Akainuka akaenda zake. Mchele wote nikauchambua peke yangu, nikiona haya na bado nikiwa na hasira, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Ijumaa iliyofuata wanaume walikuwa wamekwenda msikitini na mtaa umenyamaza. Nilimbebea mama mkwe maji ya kuoga. Nilipofika mlangoni kwake nikasikia sauti nyembamba, pi-pi-pi, nyingi kwa pamoja. Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango.

Alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, kiganja kimejaa chenga zilizoloweshwa. Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wakipanda na kushuka juu ya miguu yake. Chini ya kitanda, ndani ya kikapu kilichochakaa, kuku wangu wa kahawia alinitazama kwa ukali, kama mimi ndiye mgeni.

Mama mkwe hakuruka wala hakujitetea. "Funga mlango," akasema. "Wanapata baridi."

Nikafunga, nikaketi mbele yake.

"Alikuja mwenyewe," akaanza. "Nilimkuta chini ya kitanda ametaga. Nikamfukuza. Kesho yake akarudi, akataga tena, na mimi nikasema nitamfukuza kesho. Hivyo hivyo mpaka akaanza kuatamia. Kuku anayeatamia utamwambia nini?"

"Na mbona ulinificha, mama?"

Kifaranga mmoja alikuwa amelala kwenye pindo la kaniki yake, naye akamfunika kwa kidole.

"Nilikuwa mdogo, sijavunja ungo, nilipotekwa kwetu," akasema. "Tulitembea na msafara siku nisizozijua. Mwenye msafara alinipa kuku mweupe nimbebe. Wengine walibeba pembe, mimi kuku. Nikilala, alilala kwapani kwangu. Nilimwambia maneno yote niliyokuwa nayo, kwani hapakuwa na mwingine aliyejua lugha yetu. Tulipofika Ujiji wakamchinja, nami wakanipa shingo, kwa kuwa nilimbeba vizuri. Nilipolia, wakacheka. Nikasema basi, tangu leo mimi kuku simjui. Mpaka huyu wako alipoingia hapa bila hodi. Nikaona haya, mwanangu. Mtu mzima kama mimi, na maneno yote yale niliyokuambia juu ya kuku."

Nilimshika miguu. Nilimwambia nilimdhania vibaya, anisamehe. Akasema yeye naye alinificha, hivyo tusidaiane. Kisha akanimiminia nusu ya chenga zake kiganjani, na tukaketi hapo tukiwalisha mpaka mume wangu aliporudi kutoka msikitini akatukuta. Aliwatazama vifaranga, akamtazama mama yake, akamtazama kuku ambaye yeye alisema amechukuliwa na mwewe. Alivua kofia, akaketi nasi.

Baada ya siku ile mama mkwe alikuwa mtu mwingine uani. Yeye ndiye aliyenionyesha kuvunja kichuguu kidogo na kukileta mzimamzima, vifaranga wakadonoa mchwa wakitoka. Yeye ndiye aliyemzomea mwewe kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Na yeye ndiye aliyenichemshia yai la kwanza maishani mwangu, akalimenya, akalitia chumvi kidogo.

"Mama, kwetu ni mwiko."

"Najua. Kwetu pia ulikuwa mwiko. Ukitaka, ule. Usipotaka, nitalila mimi."

Nililila nimefumba macho. Lilikuwa na ladha ya kitu ninachokijua tangu zamani, ingawa sijawahi kukionja. Siku nzima nilikaa nikingoja balaa. Jioni mama mkwe akaniuliza, "Haya, umeota mabawa?" Tukacheka mpaka akashika mbavu. Mwaka haukuisha nikashika mimba, na yeye akawatangazia mtaa mzima kwamba ni kazi ya yai.

Kuku wetu wakazidi. Wanawake wakaanza kuja kuomba mbegu, wa mtaa wetu kwanza, kisha wa mitaa ya mbali, hata mmoja kutoka Nyangwe aliyesikia habari zetu sokoni. Kuku walikuwa wangu, na nilikuwa tayari kumpa kila aliyekuja. Lakini mama mkwe alitaka kwanza ajue wanakwenda wapi. Alijifunga kaniki, akashika mkongojo, akaenda mwenyewe kukagua: ua una kivuli, banda liko juu, maji yako wapi. Mwanamke mmoja, mke wa mtu mkubwa, alimnyima kabisa. Nilimuuliza kwa nini, maana nilimwonea haya yule mama aliyeondoka mikono mitupu.

"Nimemwona akimpiga mbwa teke," akasema. "Na mbwa mwenyewe alikuwa amelala."