Mpira Ulioenda Manga

Mimi ndiye niliyeuleta mchezo wa televisheni mjini Kisii, na anayebisha alete wa kwake. Nilirudi kutoka Uingereza miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikiwa na diploma ya elektroniki niliyojilipia kwa kuosha sahani za watu. Hakuna aliyenishika mkono.

Mama yangu, kule Nyamira, alikuwa na ombi moja tu: nisiondoke tena. Nilimwambia nitabaki nikipata mahali pa kufanyia kazi niliyosomea.

Mchezo wa kwanza niliuunda kwa wiki moja, nikauunganisha na televisheni ya mzee wa Kihindi aliyekuwa na mkahawa mjini. Vijiti viwili vyeupe, kimoja kila upande wa kioo, na kidoti kikipigwa huku na huku. Hicho ndicho tulichokiita mpira. Watu walijaa hadi nje.

Ulikuwa na kasoro. Mara nyingine mpira ulipotelea juu ya kioo, ukakawia, kisha ukatokea chini. Mara ya kwanza nilitamani kuizima televisheni. Lakini mchongaji mmoja kutoka Tabaka, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi zake, akapiga kelele: "Umeenda Manga!"

Manga ni ule mlima wetu wenye ukuta wa mawe. Akipita mtu nyuma yake, humwoni tena. Tangu siku hiyo kila mtu aliusubiri mpira uende Manga. Walibishana utatokea wapi mpaka chai ikapoa.

Mimi sikupenda. Mtu hasomi ng'ambo arudi asifiwe kwa kosa. Nikamwambia mzee nitaunda wa pili, bora kuliko ule. Akakubali: ukivuta watu kama wa kwanza, chumba cha pembeni kitakuwa karakana yangu. Nikaubomoa wa kwanza, maana vipuri sikuwa na vingine.

Miezi ikapita, kona ya televisheni ikiwa tupu.

"Fundi, ya kwanza ulifanya wiki moja," mzee alisema. "Hii ni mimba ya ndovu?"

"Haraka haraka haina baraka, mzee."

"Mimi nauza chai, bwana, siuzi methali."

Nyumbani mama naye: "Chumba umepewa?" Nikamjibu kwamba kiko karibu. Usingizi ulikuwa umeanza kunipiga chenga.

Hatimaye niliuleta. Nasema bila haya, hata huko ng'ambo sikuona kazi safi kama ile. Ulikuwa na sauti, ulihesabu mabao wenyewe, na mpira haukupotea hata mara moja. Yule mchongaji alikaa wa kwanza. Alicheza, akangoja, akacheza tena, kisha akanigeukia.

"Wewe Diploma, Manga umeipeleka wapi?"

"Nimeirekebisha. Lilikuwa kosa."

"Basi turudishie kosa letu!"

Mkahawa mzima ulicheka. Yeye akainuka, na wengine wakamfuata siku zilizofuata, mmoja mmoja.

Nilijaribu kuirudisha. Kasoro ile ilitokana na waya nilizozilehemu vibaya kwa haraka. Nikalegeza za mchezo wa pili, nikazikata, nikazilehemu upya. Mpira ulikwenda Manga, lakini haukurudi; au kioo kizima kiliingia giza. Kutengeneza nilikuwa ninajua. Kuharibu kama nilivyoharibu mara ya kwanza kulinishinda.

Siku hizi vijana huniuliza kama mchezo wa pili huwa bora ukipewa muda mrefu. Wangu ulikuwa bora, na fundi yeyote angekiri hivyo. Lakini ule muda wote niliutumia kuondoa kitu ambacho watu walikuwa wakikifuata pale, na jibu hilo silipendi hata ninapolitoa mwenyewe.

Mzee aliirudisha televisheni kwenye taarifa ya habari. Chumba akakijaza magunia ya sukari.

Nilimkuta mama shambani akichuma chai, nikamwambia nimefunga sanduku, narudi ng'ambo. Hakuacha kuchuma.

"Hicho chumba ulichokikosa," aliuliza, "kina dirisha?"

"Kinalo, mama. Linatazama barabara ya kuja huku."