Msumari wa mlango wa choo uliokutwa kwenye fyuzi za gari-nyumba letu

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mume wangu bado yupo hai. Kama ana uso, aje abishe.

Nimeona humu kuna kijana anataka kununua gari la kulala, anauliza alikinge vipi na umeme mbovu. Mwanangu, kaa hapa.

Naanzia siku uvumilivu uliponiishia.

Asubuhi ile mlango wa choo cha kambi uliniangukia. Msumari wa bawaba ya juu haupo. Nikasingizia watoto wa watu, nikaufunga mlango kwa kamba, nikambeba Kulwa mgongoni, nikaenda kisimani. Pacha wake, Doto, alikuwa mgonjwa, nikamwachia baba yake.

Narudi, moshi unatoka dirishani kwetu.

Baba Kulwa yuko nje, Doto begani, anaufukuza moshi kwa kofia kama anafukuza kuku.

Nikatua ndoo, nikaingia, nikazima swichi kubwa, nikafungua boksi la fyuzi. Mahali pa fyuzi pamekaa msumari. Una kutu, umepinda kichwa. Nikautambua.

"Baba Kulwa, huu si wa chooni?"

"Nilikuwa niurudishe jioni."

Wakuu, hapo ndipo kambi nzima ilipojua kuwa nina sauti.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, kambi ya watafuta dhahabu, porini, ukitoka Kahama unaelekea Geita. Mume wangu alikuwa dereva, akapewa gari kubwa lililoachwa na wazungu. Mbele usukani, nyuma kitanda, sinki na friji ndogo. Tukahamia humo na mapacha.

Akina mama wa vijijini walikuja kulitazama. Mmoja akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akalizunguka lote, halafu akauliza, "Hivi mkigombana na majirani, mnaondoka nayo?"

Nilimwambia tunasubiri tu wagombane nasi.

Shida ni Doto. Kifua kilimbana, zahanati ikampa dawa ya unga, ile ya kuchanganya na maji. Muuguzi akanikazia macho: ikae kwenye baridi, amalize chupa yote, na hii ndiyo ya mwisho kabatini. Miaka ile ukiambiwa ya mwisho, ni ya mwisho kweli.

Kwa hiyo friji ile kwangu haikuwa anasa ya kunywea maji baridi. Ilikuwa kifua cha mwanangu.

Umeme ulitoka kwenye jenereta la kambi, na aliyeliendesha alikuwa Fundi Masunga. Mtu mwema, mcheshi, mkulima hodari wa jembe la ng'ombe. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana jenereta nalo aliliendesha kama ng'ombe.

Kwenye mstari mmoja na friji yetu palikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma. Masunga alikuwa na nadharia yake: ukiona mbele kuna udongo mgumu, unawachapa ng'ombe kabla hawajaufikia. Basi akiona mchomeleaji anavaa miwani tu, huyo, anaongeza mafuta. Jenereta linanguruma, balbu zetu zinawaka nyeupe kama jua la saa sita, zinapasuka. Kisha mashine inauma chuma, umeme unanywea, balbu zinakuwa nyekundu kama jicho la mlevi, na mota ya friji inaguna haizunguki.

Nikamfuata. "Masunga, umeme haujui kujiandaa."

"Mayu, hata wewe ukiamshwa ghafla utabeba ndoo?"

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne na fizikia nilifaulu. Nikajitengenezea kinga. Nikatundika balbu moja mlangoni, kwenye waya unaoingia kabla ya swichi kubwa, nikaiita mlinzi. Jenereta likiwashwa, swichi kubwa ya gari imezimwa, mlinzi peke yake ndiye amewaka. Akitulia na rangi yake ya kawaida, nawasha friji. Akiwa mweupe au mwekundu, nazima. Na nikaweka fyuzi ndogo inayolingana na friji, ili nisipokuwepo ikatike yenyewe.

Ikawa inakatika. Ndiyo kazi yake!

Lakini Baba Kulwa, kila ikikatika, anaona ameaibishwa. Akaenda kulalamika kwa Masunga, na wale wanaume wawili, kwenye kahawa, wakakubaliana kwamba fyuzi ile ni mvivu. Mnyama mvivu unambadilisha. Wakatafuta kitu kisichochoka.

Wakapita chooni.

Siku ya moshi mashine ikauma, umeme ukanywea, mota ikaguna, fyuzi ingekatika hapo hapo. Msumari haukukatika. Mota ndiyo iliyoungua.

Nilichomoa chupa ya dawa, bado ina ubaridi kidogo. Nikaifunga kitambaa kibichi, nikaitumbukiza kwenye mtungi wa maji kivulini. Kisha nikamwendea Masunga na msumari mkononi. Akarudi nyuma hatua mbili, akidhani nitamchoma nao.

"Masunga. Unaweza kufunga ndama na madume wanne kwenye nira moja?"

"Hapana, mayu. Utamvunja shingo."

"Mashine ya kuchomelea ni madume. Friji yangu ni ndama."

Akalitazama jenereta, akautazama ule waya, akaufuata mstari kwa macho mpaka kwenye gari letu. Kisha akavua kofia.

"Tumemvunja shingo," akasema.

Tangu saa ile akawa ndiye anayeulowesha mtungi ule. Kila akipita, kopo la maji. Doto alimaliza chupa yake yote. Leo ana kipara na kitambi.

Ila mkuu wa kambi, nilipomwendea kesho yake ya moshi, alikataa kutenganisha waya, akasema malalamiko ya familia yapelekwe kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa Mzee Shabani, muuza chai wa barabarani, mtu mwenye asili ya pwani na maneno yake ya taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lakini hilo ni gari. Mimi nasimamia nyumba. Nyumba haina magurudumu."

"Nyumba ni nini, mzee?"

"Nyumba ni panapofuka moshi asubuhi."

"Umefuka, mzee. Tena mweusi."

Masunga, mshtakiwa mwenyewe, akadakia kutoka benchi la nyuma: "Kweli, balozi, mimi ni shahidi!"

Mzee akaniambia niandike malalamiko.

Nilichojifunza: fyuzi ikikatika usiitukane, tafuta ilichokikimbia. Jenereta likiwashwa au likizimwa, gari lako liwe limezimwa. Friji isile sahani moja na mashine ya kuchomelea. Na mume asiachiwe boksi la fyuzi. Siku hizi kuna vidhibiti umeme madukani, nunueni, lakini msumari ni ule ule. Wenye visa vyenu vya umeme wa jenereta wekeni hapo chini, na wanaume wa kumtetea Baba Kulwa nao waje, nina muda.

Nakala ya malalamiko ninayo kichwani hadi leo:

"Kwa Balozi. Mimi Mama Kulwa, mkazi wa nyumba yenye magurudumu, nalalamika kwamba friji yangu imeuawa kwa kufungwa nira moja na mashine ya kuchomelea, na kwamba mlinzi wake, fyuzi, aliondolewa kazini bila kosa. Naomba waya wa gari letu utenganishwe, na mtu yeyote asiguse boksi langu. Naambatanisha msumari kama ushahidi. Ukishauona naomba urudishwe upesi, maana tangu jana kambi nzima inaingia chooni ikiimba, ili ijulikane kuna mtu."