Pembe Nne za Kanga

Naikumbuka siku ya sita ya kifungua mimba wangu kama ya jana, mjukuu wangu, na tangu uliponipigia simu kusema mnaahirisha sherehe ya kumpa mtoto jina, haijanitoka akilini.

Kijiji chetu kilikuwa na nyumba nyingi za Wahindu, na shughuli hazikuisha: leo mtoto ananyolewa nywele za kwanza, kesho bibi harusi anapakwa manjano. Kisha mmoja mmoja wakahamia mjini, tukabaki sisi tu. Nawe unajua desturi yetu: watoto wanne hushika pembe za kitambaa, kichanga hubembezwa ndani yake, na shangazi yake, dada wa baba, humpa jina. Watoto hatukuwa nao. Shangazi alikuwa ng'ambo. Nikalia, nikasema tungoje.

Mama mkwe wangu hakuwa na maneno mengi. Akaniuliza, "Uji wa uzazi umepikiwa na nani?"

Nikamjibu ni Mama Upendo, jirani yetu Mlutheri.

"Basi kamwite. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Mama Upendo akaja na kanga mpya na watoto wake wanne, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa. Alipoelezwa kazi yake akacheka. "Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni wifi yako? Jiandae. Wifi hakosi neno, na hii chai yako haina sukari."

Baba mkwe akamwambia kwamba, kwa nyota za mtoto, jina lianze na sauti ya "ne". Watoto wakabembeza, yule mdogo akivuta kuliko wenzake. Mama Upendo akainama, akamnong'oneza binti yangu sikioni, kisha akatutangazia sote: "Neema."

Mama mkwe akafuta machozi kwa ncha ya sari. Ndiyo maana mama yako anaitwa hivyo.

Sasa, mwanangu, mkono mmoja haulei mwana. Yule nesi Mkenya wa mlango wa pili hapo ng'ambo, Takoma Park, aliyekukimbiza hospitali uchungu ulipokushika, mwombe awe shangazi. Watoto wa jengo lenu, hata wakijibu Kiingereza, mikono yao inajua kubembeza. Usimngojeshe mtoto jina lake. Kanga ile ningali nayo kabatini. Nitakuja nayo Jumamosi.

Mungu akujazie majirani wa kuikosoa chai yako, na jina la mtoto huyo liitwe kwa furaha hadi aote mvi.